Nilikubali Kuandikwa Marehemu Ili Mtoto Wangu Apate Shule

Niko na miaka thelathini na tisa, nauza nyanya na vitunguu sokoni Kitengela, na katika rejista ya shule moja ya msingi hapa hapa mjini, mimi ni marehemu. Si adui aliyeniandika hivyo. Nilikubali mwenyewe, na akili zangu timamu, nikiwa nimekaa sebuleni kwa mdogo wangu nikinywa chai yake!

Wasomaji wenzangu, mnivumilie. Sijawahi kuyasimulia haya hadi mwisho bila kulia.

Tulikuwa tunaishi Gataka, kule Ongata Rongai, mimi na mume wangu Njoroge, fundi wa mabomba, na binti yetu wa pekee, Shiru. Shiru nilimpata baada ya mimba mbili kuharibika. Kwa hivyo mnaweza kuelewa... mtoto huyo nilimtakia kila kizuri kilichoko duniani.

Alipokaribia kuingia Gredi ya Kwanza, nilianza kusikia sifa za shule fulani ya serikali Kitengela. Walimu hawakosi darasani, watoto wanasoma vizuri, na ni ya serikali, si zile za kibinafsi ambazo watu kama sisi huziangalia tu kutoka nje ya geti. Mdogo wangu Wambui, aliyekuwa na saluni huko, ndiye aliyenipigia simu.

"Siz, hameni Gataka mje huku," aliniambia. "Lakini tafuteni nyumba karibu na shule. Siku hizi wanachukua watoto wa mtaa ule pekee."

Tukahama. Njoroge aliacha wateja aliowazoea miaka mingi. Mimi niliacha kibanda changu. Ajenti alituonyesha nyumba ya vyumba viwili, akaapa kwamba iko ndani ya mpaka wa shule. Kutoka dirishani niliona mabati ya madarasa! Nilisikia kengele! Ningekosaje kumwamini?

Siku ya kuandikisha watoto, karani aliniuliza ninakaa upande gani wa barabara ya murram, ile ya changarawe. Nikamwambia. Akafunga faili.

"Mama, upande huo si wetu. Mpaka ni hiyo barabara. Nyinyi shule yenu ni ile ya kule chini."

Barabara moja! Barabara ambayo mbuzi huvuka bila kuulizwa wanatoka wapi! Nililia mbele yake, akanihurumia kwa maneno tu. Wazazi wenyewe ndio waliopitisha mpaka huo kwenye mkutano, alisema, maana madarasa yalikuwa yamefurika. Nyuma yangu akina mama walijaa foleni hadi getini. Sidhani alikumbuka uso wangu hata kwa saa moja.

Njoroge hakuona msiba. Aliniambia twende tukaione hiyo shule ya kule chini. Tulikuta watoto wanabanana wanne kwenye dawati moja, lakini walikuwa wanacheka, na mwalimu alitukaribisha vizuri. Njoroge akasema panatosha. Mimi nikasema mtoto wangu hatasomea pale nikiwa hai.

Maneno gani yale niliyatamka!

Wambui alikaa ndani ya mpaka, kwenye nyumba za kupanga za ploti moja na walimu wawili wa shule ile. Alikwenda kuulizia kama mtoto wa dada yake anaweza kuandikwa kwake. Akaambiwa hapana, mtoto huhesabiwa pale wazazi wanapoishi. Labda awe amefiwa, analelewa na jamaa. Alirudi akanimiminia chai, akaongea kama mtu anayepanga sherehe ya kuzaliwa.

"Basi tuseme ulikufa. Baba Shiru akae kwangu kama shemeji anayesaidiwa kulea. Nani ataenda kuchimba kaburi aone?"

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka... nikakubali.

Aliyekataa ni Njoroge. Alisema hawezi kumwita mkewe maiti wakati anampikia. Kwa siku tatu sikumpa amani. Nilimwambia hampendi mtoto, nilimwambia yeye ni mwanaume wa kuridhika na kidogo, ndiyo maana hajaendelea. Siku ya nne alichukua koti lake, akaenda na Wambui kwa mzee wa mtaa. Barua ikaandikwa. Shuleni walipoulizwa cheti cha kifo, Wambui alisema bado kinashughulikiwa. Hakikuulizwa tena.

Kazi iliyobaki ilikuwa yangu. Nilimkalisha Shiru kitandani.

"Mama yako yuko wapi?"

"Si wewe uko hapa?" alinijibu, akidhani ni mchezo.

"Hapana. Ukiulizwa, sema alikufa."

Akacheka. Nikamfinya mkono. Nikamuuliza tena, akanyamaza. Nikamfinya tena, kwa nguvu, hadi ngozi ikabaki nyekundu. Mara ya tatu alisema. Nikamkumbatia na kumpa mandazi mawili. Mama gani hufanya hivyo? Mimi nilifanya!

Ili nisionekane, tuliachia ile nyumba ya vyumba viwili nikaingia chumba kimoja nyuma ya soko. Nguo za Njoroge zilihamishiwa kwa Wambui ili walimu wazione zikianikwa. Asubuhi Njoroge alimpeleka Shiru shule, na akitoka kazini apitie kwangu. Yeye na mtoto walilala kwa Wambui Jumatatu hadi Ijumaa. Wikendi tulikuwa familia.

Mimi nami nilikuwa msafiri. Bidhaa zangu nilizifuata Loitokitok, kwa wakulima wa maji ya mifereji, na mara nyingine nilifika hadi Rombo nyanya zikiadimika. Ningekaa huko siku tatu, nne, nikingojea lori lijae. Nikirudi, naambiwa Shiru ana mafua asitembezwe. Wikendi nyingine, ana mazoezi ya kwaya. Njoroge akaanza kupitia kwangu haraka haraka, anasimama mlangoni, hakai. Nilijiambia ni uchovu wa kazi. Miaka miwili ikapita hivyo, naye Shiru akaingia Gredi ya Tatu.

Siku moja mteja nisiyemjua alisimama kwenye kibanda changu akichagua nyanya moja moja.

"Nipee zile nzuri," alisema. "Wamama wa ploti yetu tunampikia Mama Shiru. Yuko na mimba ya miezi saba."

"Mama Shiru gani?" nilimuuliza.

"Yule wa saluni. Dada yake alikufa akaacha kamtoto, sasa ameolewa na yule mjane. Hata pasta aliwaombea mbele ya kanisa. Mungu amewafuta machozi, aki."

Nilimpimia nyanya zake. Nikamwongezea mbili. Alipoondoka nilikaa chini kati ya magunia hadi jirani yangu wa soko akaniita mara tatu.

Mtaani kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Wambui alikuwa amechukua mume, amechukua mtoto, na hata jina nililoitwa nalo!

Nilifika kwake nikiwa bado na aproni. Alifungua mlango, tumbo mbele. Hakushtuka. Hakukana.

"Siz, ongea polepole," aliniambia. "Huku wewe ulikufa. Ukipiga kelele tutaitwa sisi wote kwa chifu, tushtakiwe kwa uongo, na Shiru afukuzwe shule. Unataka hivyo?"

Nilimgeukia Njoroge, aliyekuwa ameketi sebuleni. Nilitaka anipige, anitukane, aseme amerogwa... chochote! Aliangalia sakafu tu.

"Nilikuambia sitaki kuja kukaa hapa," alisema. "Ulinisukuma. Watu waliniletea chakula, wakanishika mkono, wakaniombea. Mwishowe nikaona ni kama kweli nilifiwa."

Kilichoniuma ni kwamba hakuwa anadanganya.

Kesho yake ilikuwa siku ya wazazi kuona vitabu vya watoto. Nilivaa nguo zangu za kanisa nikaenda shuleni kwa mara ya kwanza tangu siku ya yule karani. Mlinzi, mzee mmoja Mmaasai, alinisalimia "Takwenya" kwa upole, nikaitikia "Iko", akanifungulia geti. Nilimwona Shiru kwenye mstari nje ya darasa lake. Alikuwa amerefuka! Nilimwita, nikakimbia, nikamshika mabega.

Mwalimu akaja. "Shiru, huyu ni nani?"

Aliniangalia. Najua alinijua. Wiki sita tu nyuma nilikuwa nimemsuka nywele.

"Simjui."

"Anasema ni mamako."

"Mamangu alikufa," alisema binti yangu. Sauti haikutetemeka hata kidogo.

Nilipaza sauti kwamba mimi ndiye niliyemzaa, kwamba niko na cheti chake cha kuzaliwa nyumbani, kwamba sijafa! Wazazi wengine waliwavuta watoto wao karibu. Mmoja alisema niombewe. Yule mzee wa geti alinishika kiwiko, bila ukali, akanitoa. Nilipogeuka kumwangalia Shiru mara ya mwisho, niliona soksi zake nyeupe zinalowa. Alikuwa amejikojolea akiwa amesimama pale mstarini, watoto wenzake wakaanza kucheka. Na mimi ndiye mtu pekee ambaye sikuruhusiwa kumfikia.

Nilikwenda Loitokitok kwa mama yetu mzazi. Nilidhani angalau yeye... Alinisikiliza akimenya viazi, kisha akaniambia Wambui tayari amebeba mimba, mtoto wa tumboni hana makosa, na mimi siku zote nilikuwa na kichwa kigumu. Nimwachie. Mama yangu mzazi alisema nimwachie!

Nilirudi, nikaenda kwa ofisa wa watoto na cheti cha kuzaliwa na picha zote nilizokuwa nazo. Nilisema ukweli wote, hata kama ni wa kunifunga. Alinikemea vikali, lakini akaifungua kesi. Kisha akaongea na Shiru peke yake. Alipotoka aliniambia jambo ambalo sikulitarajia. Mtoto anasema ananiogopa. Anasema mimi humfinya.



Naruhusiwa kumwona Jumamosi, mara mbili kwa mwezi, ofisini, ofisa akiwa amekaa pale pale. Kesi bado inaendelea.

Mnataka kujua kuhusu ile shule? Mwaka uliofuata madarasa mapya yalijengwa, mpaka wa barabara ukaondolewa. Jirani yangu wa ile nyumba ya vyumba viwili alivuka murram na mtoto wake, cheti cha kuzaliwa mkononi, akaandikishwa kabla ya chai ya saa nne. Naye Shiru hayuko hapo tena. Uvumi ulipozidi mtaani, Wambui alifunga saluni wakahamia Kajiado mjini, na mtoto akatafutiwa shule nyingine. Hata sijaambiwa ni ipi.

Jumamosi iliyopita nilimpelekea viatu vipya, vyeusi, vya mikanda. Alijaribu kuvivaa kwa adabu, akikunja vidole, akisukuma kisigino... havikuingia. Nilikuwa nimenunua vya mguu nilioukumbuka. Alivirudisha kwenye boksi, akanishukuru kama anavyoshukuru mgeni, kisha akamuuliza ofisa kama muda umekwisha.

Akina mama wenzangu, ninyi mnaohama mitaa kila Januari mkitafuta shule, nawasihi! Hameni mkiweza, ombeni, pangeni foleni hata siku nzima. Lakini siku mtu atakapokuambia useme uongo kidogo tu juu ya nani ni mzazi na nani analala wapi, simama uondoke, hata kama ni ndugu yako wa damu. Usimfundishe mtoto kukukana. Atajifunza, na hutaweza kumfundisha kusahau.

Na ukiambiwa shule yenu ni ile ya kule chini, mpeleke mtoto huko huko. Waketi wanne kwenye dawati, arudi jioni na vumbi hadi magotini. Chota maji, umkalishe kwenye stuli, umwoshe miguu. Ya Shiru mimi sijui hata ni ya saizi gani siku hizi.