Kimya cha Kipima Mionzi

Ilianza na sauti ndogo, tik, kama mtu anayekata ukucha chumba cha pili. Mama Kasuku aliisikia Jumamosi mchana akikunja nguo, akaipuuza. Ana shahada tatu za mambo ya vioo, tik haikumtisha.

Kiwandani kwao, taka za nyuklia huyeyushwa pamoja na kioo ili zigandie humo, zisivuje karne na karne. Yeye hulipwa kujua jinsi mionzi inavyokitafuna kioo hicho kutoka ndani: kinavimba, kinaota vipovu, kinaingia nyufa. Kabla ya taka zenyewe hupikwa kioo cha majaribio, kisicho na sumu, na kila mfanyakazi ana bonge lake nyumbani la kukandamizia karatasi. Bonge lake, jeusi ti, alimpa bintiye aliweke mezani.

"Mama Kasuku," mama mkwe alimnong'oneza jikoni, "mwanao haongei siku hizi. Na chumba chake kinanuka jiwe lililoungua."

"Anakua, mama."

"Kukua gani huko? Mtoto tuliyemwita Kasuku kwa domo lake! Jana nimemkuta kaliinamia lile dubwana lako, anasikiliza. Namuuliza kuna nini, ananiambia, 'Bibi, amechoka kufungwa.'"

"Jini gani atahamia kioo cha maabara, mama, na chupa nzuri za manukato zimejaa madukani?"

"Cheka tu."

Alicheka, lakini nusu. Vipi kama sufuria ya tanuru haikusafishwa, taka zikajipenyeza, naye akamletea sumu mwanawe wa pekee kwa mikono yake mwenyewe? Jumatatu akarudi na kipima mionzi.

Kifaa hicho hakinyamazi popote duniani, hudonoadonoa polepole kwa mionzi midogo ya udongo na ya angani, nacho kilidonoa mlangoni, kikadonoa kitandani, na kadiri alivyosogea mezani ndivyo kilivyopunguza, kama mtu anayeshusha sauti kwa kumwona mwenye nyumba, hata kilipofika juu ya bonge kikanyamaza kabisa, na harufu ya jiwe lililoungua ikamjaa kooni, na ndani ya weusi ule akaona vipovu vitano vimejipanga, kama ncha za vidole vinavyosukuma kutoka upande wa pili.

Alilifunga kwa taulo, akalirudisha kiwandani mbio, likatupwa tanuruni mbele ya macho yake.

"Daktari," fundi wa tanuru alimwambia kwa sauti ya chini, "lako lilipasuka kabla ya kuyeyuka. Ndani lilikuwa tupu. Kama yai lililokwisha kuanguliwa."

Aliporudi nyumbani, alisikia mdomo wa Kasuku tangu uani. Mama mkwe alikuwa akifuta machozi ya furaha. "Tangu uliondoke nalo hajafunga bakuli! Nilikwambia ni lile dubwana."

Kwa kujiridhisha tu, alikiwasha tena kipima mionzi. Mlangoni kikadonoa. Kitandani kikadonoa. Juu ya meza tupu kikadonoa vizuri, naye akashusha pumzi ya siku tatu.

Kasuku akaja mbio, akimimina habari za shule, akamkumbatia kiunoni kwa mikono ya moto.

"Mama, mbona umekizima?"

Akatazama kitaa chekundu cha kifaa, kinawaka.

"Sijakizima, mwanangu."