Nusu ya Video ya Kipushi

Ajenti Nkandu hakuwa na umeme. Hakuwa na wifi. Hakuwa na mtandao wa maana juu ya lile paa la Kampemba, mjini Lubumbashi, alikojificha. Bastola ya Makarov alikuwa nayo, na pikipiki ya TVS yenye tangi lililojaa.

Kilichompungukia zaidi ni subira.

Simu ikalia. Ni mkuu wake, Mama Victorine.

"Video ulipata?"

"Inashuka, Mama. Iko nzito sana."

"Muntu mumoja alituma, hakusema jina. Casimir anatafuta njia ku mizani ya Kipushi. Camion yake ya baruti itapita leo. Uangalie kama iko muntu anakubali feza yake."

Casimir alikuwa akiiba baruti za migodi na kuwauzia majambazi wa ng'ambo ya mpaka, na kila lori lilipaswa kupita kwenye mizani ya Kipushi. Damu nyingi ingemwagika.

Nkandu akabonyeza. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka tena.

Picha ikaja bila sauti. Syntiche, karani wa mizani, alipiga magoti mbele ya Casimir. Akainamisha uso. Akapiga makofi taratibu. Mzee Casimir akamwekea mkoba mapajani.

Picha ikaganda.

"Nkandu! Saa inaenda!"

"Ni Syntiche, Mama. Anapiga mpaka makofi ya kushukuru!"

"Uliona yote?"

Nkandu akakitazama kile kiduara.

"Yote, Mama."

"Bien reçu, nimesikia. Tutamufunga sasa hivi."

Pikipiki ikanguruma. Barabara ya Kipushi ikamezwa na vumbi.

Karibu na mji mtandao ukapata nguvu. Simu ikatetemeka: video imekamilika. Nkandu akasimama kando ya barabara ili auonje ushindi wake.

Safari hii sauti ilikuwepo.

"Jambo, bukwe," alisema Syntiche.

Bukwe. Baba mkwe.

Nkandu akairudisha video nyuma, akaitazama tena. Yale hayakuwa makofi ya shukrani. Ndivyo mwanamke anavyomwamkia baba wa mumewe, bila kumtazama usoni. Mke wake mwenyewe humwamkia hivyo baba yake Nkandu.

"Mukoba yako ubebe, bukwe. Camion haitapita, hata ukinifukuza ku nyumba ya mutoto yako."

Casimir akatoka akifoka. Syntiche akaisogelea kamera, akaizima. Yeye ndiye aliyeitega.

Mizani ile ilikuwa na mlinzi mmoja mwaminifu. Nkandu alikuwa amemwondoa kwa neno moja.

Mbele yake lori la Casimir, aina ya Howo, likapenya kizuizi cha mizani kilichoachwa wazi.

Mafuta mpaka mwisho! Nkandu akalifikia ubavuni. Tairi, akajiambia. Tairi tu. Risasi ikipanda juu kidogo, Kipushi nzima itatikisika.

Pa!

Lori likayumba, likalala mtaroni. Casimir akateremka mikono juu, akatiwa pingu.

Nkandu alimkuta Syntiche nje ya ofisi, pingu mikononi, madereva wamemzunguka. Akazifungua.

"Unisamehe, dada. Ni miye nilikushitaki ku telefone."

"Nisamehe nini? Bote hapa banasema miye mwizi!"

"Camion tulikamata."

"Camion! Na jina yangu, utaikamata wapi? Ile ulisema ku telefone, uandike ku karatasi, patron wako asome."

"Nikiandika, batanifukuza ku kazi."

"Miye batanifukuza ku nyumba. Andika."

"Andika, chef!" dereva mmoja akapaza sauti. "Ama kalamu yako haiko na reseau ya mtandao?"

Wakacheka. Nkandu hakucheka.

Akaandika akiwa amesimama, karatasi juu ya tangi la pikipiki. *Mama, nilisema nimeona yote. Niliona nusu. Syntiche hakuchukua kitu. Ni yeye aliyetutumia video, na ni mimi niliyemfungisha.* Akatia sahihi, akawasomea wote kwa sauti. Dereva mmoja akavua kofia mbele ya Syntiche.

Nkandu akaitia karatasi ndani ya bahasha, akalamba gundi, akaifunga, akaikandamiza kwa gumba. Akampa dereva wa teksi aliyekuwa akielekea Lubumbashi.

"Mukononi mwa Mama Victorine. Si kwa mwingine."

Teksi ikaondoka. Akavaa kofia yake ya pikipiki, akaiacha teksi itangulie na ile barua, ndipo naye akaifuata.