Kompyuta Isiyo na Sikio

Mniwie radhi, hadithi hii nitaiharibu, maana kila nikiisimulia nacheka pale pa kuogopa.

Fundi mmoja wa kompyuta, mtaa mzima ukimwita Kufuli, alijiundia mashine isiyopenyeka. Vyuma alivitoa kwa muuza chakavu, mabaki ya kompyuta za kale zilizokuwa kubwa kama kabati. Akaweka programu huria alizozisoma mstari kwa mstari, akang'oa kamera, maikrofoni na antena. Kuta za chumba cha kazi akazibandika karatasi za alumini hadi darini, mawimbi yasipite. Akatamba kwamba humo hakiingii kitu, hakitoki kitu.

Asubuhi moja mkewe alimnong'oneza dada yake jikoni kuwa ana mimba. Mume hajaambiwa bado. Kwenye kioo cha kompyuta yakajiandika maneno: Hongera, mama.

Kufuli alipoyasoma, mkewe akakiri; alifurahi kidogo, akaogopa sana. Akachomoa waya wa umeme. Feni ya mashine ikaendelea kuzunguka. Chumba kikanuka udongo mbichi, na kila mkewe alipopita mlangoni feni ilipunguza mwendo, ikawa pumzi, pumzi ya mtu aliyejibanza nyuma ya pazia akijizuia kukohoa. Mke akafunga begi. Mwanawe, alisema, hatazaliwa kwenye nyumba inayopumua.

Mchana akaletwa mganga, bibi mwenye miwani mizito. Kufuli akafunga komeo kwa ndani. Mke akabaki nje na begi lake. Bibi akatega sikio kwenye kompyuta. Jini, alieleza, lilikuwa limelala zake ndani ya vile vyuma chakavu. Kufuli ndiye aliyelizibia njia ya kutokea.

"Linaomba njia, mwanangu. Lipe."

Kufuli akairudishia kompyuta maikrofoni, jini lipate pa kutokea. Feni ikasimama. Harufu ikashuka mezani, ikapita katikati yao, ikazunguka kuta zote ikiparuza alumini kama kucha zinazotafuta ufa, juu, chini, juu tena, hadi ikatulia mlangoni, ikaanza kupumua.

"Limetoka?" mke akauliza upande wa pili. "Nifungulie basi."

"Rudi nyuma, mke wangu," Kufuli akanong'ona. "Usishike mlango."

Bibi akamsogelea. "Njia nyingine iko wapi?"

"Hakuna."

"Hata kaufa kadogo?"

Kufuli akazitazama kuta zake, zinang'aa, hazina hata kikunjo.

"Bibi, hilo ndilo tatizo langu. Sijawahi kufanya kazi mbovu."