Ngazi Isiyokauka

Maji yalikuwa pale tena.

Tangu abiria wa meli washuke kutembea kisiwa cha Cozumel, Delmira Arzú, mfanya usafi, alikuwa ameipangusa ngazi ya bwawa la kuogelea mara tatu. Jua la adhuhuri lilichoma nyayo, lakini kidato cha tatu kutoka juu kilibaki chepechepe, na kilinuka dawa ya hospitali.

"Acha bwana, utayatoboa hayo marumaru," alisema Marivic, nesi wa meli, Mfilipino, akivuta sigara yake pembeni.

"Maji haya huyaoni?"

Marivic alitazama. Sigara ikamdondoka. "Dada... si ndipo alipoanguka yule mama?"

"Hapo hapo."

Miezi mitano nyuma, Eunice Haugen, mwalimu mstaafu wa Minnesota, aliteleza pale. Delmira alikuwa ametoka kupiga deki. Kibao cha kuonya kuwa pameloa kilikuwa kimeondolewa kwa amri ya Goran, msimamizi wake, maana wapiga picha wa matangazo ya meli walitaka ngazi ipendeze. Nyonga ilivunjika, kichwa kikapasuka. Alikata roho mikononi mwa Marivic, bandari ikiwa bado mwendo wa saa tisa. Goran akaandika kuwa marehemu alikuwa amelewa.

"Tia saini," alimwambia Delmira, "au kafungashe begi."

Delmira ana watoto wawili huko Trujillo, Honduras. Akatia saini.

Alasiri ya siku hiyo hiyo ya Cozumel, akisukuma toroli la mashuka kwenye korido tupu ya vyumba, alisikia nyuma yake kishindo cha mguu mmoja, kisha mburuzo, kishindo, mburuzo, na alipogeuka hakukuwa na mtu, ila zulia lilikuwa linalowa lenyewe, unyayo kwa unyayo, ukiwemo mmoja uliolala upande kama wa mtu aliyevunjika nyonga, na ile harufu ya dawa ikampita usoni, ikamtangulia, ikaenda ikakoma mbele ya mlango ambao ndani yake sauti ya mwanamume ilikuwa ikigombeza mtu.

Mlango ukafunguliwa. Alisimama mzee mrefu, peke yake, macho mekundu.

"Samahani, binti. Nimekutisha? Russell Haugen. Nilikuwa nazungumza na mke wangu, nimerudi kwenye meli aliyofia." Alionyesha picha mezani. "Miaka arobaini na sita hakugusa pombe. Kumbe alikuwa akinywa kwa siri, mpaka ikamuua humu. Namuuliza kila siku, Eunice, ulinificha nini kingine?"

Delmira alikimbia. Akampigia simu shangazi yake, mganga anayeheshimika miongoni mwa Wagarifuna wa kwao, akamsimulia mkasa mzima.

"Shangazi, nifukizie. Ananifuata."

"Moshi haumfukuzi huyo," alisema shangazi taratibu. "Mmemzika mwenzenu amevishwa aibu isiyo yake. Kamvue."

"Nitafukuzwa kazi."

"Utafukuzwa, mwanangu."

Alirudi kwa mzee akasema yote, amesimama, mikono nyuma. Deki, kibao, saini.

"Hakuwa amelewa?" Sauti ya mzee ilikuwa ndogo.

"Hakuwa amelewa, bwana. Alikuwa amebeba vikombe viwili vya kahawa. Alipoanguka aliniambia, 'Pole mwanangu, nimekuchafulia ngazi.'"

"Viwili," alisema mzee. "Kimoja kilikuwa changu."

Alimpa karatasi, na Delmira akaandika ushahidi upya, akaweka jina lake kamili chini. Hapo ndipo kishindo kilipoanza tena koridoni, kishindo na mburuzo, kikaingia bila mlango kusogea, na Delmira akafumba macho akingoja mkono wa baridi shingoni, kofi, laana, lolote, lakini ubaridi ule ulimgusa pindo la sare tu, ukampita bila kusimama, ukaenda mpaka kwenye kochi alipoketi mzee, na Delmira alipofumbua macho, mto uliokuwa kando yake ukabonyea polepole kama anapokaa mtu mwenye maumivu.

Mzee hakushtuka. Aliweka kiganja chake juu ya ule mto.

"Nisamehe, Eunice," alisema. "Miezi mitano nakutukana."

Delmira alibaki wima karibu na mlango. Kesho yake angeshushwa bandarini na begi lake, hilo alilijua. Alingoja mmoja wao amwambie neno, hata baya. Mzee alikuwa akinong'ona na ule mto mtupu, akitulia kidogo kila mara kama anayejibiwa.

Alipoona hakuna atakayemwita, alitoka, akaufunga mlango bila kelele.