Kigoda cha Mulwa

Jumanne, saa mbili na dakika tano asubuhi, Ismahan aliwasha kompyuta kubwa ya ofisi ya kuchora ramani ya Bwana Kivuva, mjini Kitui. Alikuwa ametumwa na kampuni yake kuwafundisha programu mpya, na hii ilikuwa wiki ya pili na ya mwisho ya majaribio. Kwenye skrini likatokea kanisa la Matinyani, ambalo ujenzi wake mpya ulikuwa bado haujaanza. Akaingia kwa mlango mkubwa, akapita katikati ya viti kana kwamba anatembea kwa miguu yake mwenyewe, mpaka chumba kidogo nyuma ya madhabahu. Hapo akaganda.

"Nani ameweka hii?"

Katikati ya chumba kitupu kulikuwa na kigoda cha miguu mitatu. Si cha kukalia. Ulikuwa mchoro tu wa penseli, mwembamba kama karatasi, umesimamishwa sakafuni peke yake.

Nthenya, mtunza majalada, aliweka chini faili aliyoshika. Ndululu, aliyekuwa amechora pale miaka kumi, alivua kofia. Mzee Mutisya, mchoraji mkuu, alianza kuomba kwa sauti ya chini. Wote walikijua kile kigoda. Mulwa, mume wa Nthenya, alikichora pembeni mwa kila ramani aliyoitengeneza kwa mkono wake. Ndiyo iliyokuwa sahihi yake. Na Mulwa alikuwa kaburini mwaka mmoja na miezi miwili.

Ismahan, ambaye hakumjua marehemu, alibonyeza kigoda. Maandishi yakajitokeza: kimewekwa jana Jumatatu, saa saba na dakika kumi mchana. Mtumiaji: MULWA.

"Huyu Mulwa anakaa wapi?" akauliza.

Ndululu alimwonyesha Nthenya kwa kidevu. "Ni bwana yake. Tulimzika."

Kivuva aliamuru kifutwe, kikafutwa. Jumatano asubuhi kilikuwa kimerudi. Safari hii kilikuwa kimesogea mpaka kwenye mimbari, kimetazama viti. Kimewekwa Jumanne, saa saba na dakika ishirini mchana. Mtumiaji, Mulwa.

"Basi imetosha," Kivuva alisema, na jasho lilikuwa limemtoka. "Hii programu inarudi ilikotoka leo jioni. Tutabaki na ile yetu ya zamani. Siwezi kufanya kazi na kitu inaita wafu."

Nthenya alisogea karibu na skrini. Wengine walikuwa wakiichagua programu kwa kasi yake na urembo wake. Yeye alikuwa akiisubiri Alhamisi. Alhamisi ndiyo siku aliyoahidi Kivuva kuingiza kazi za zamani ili kuipima, na ya kwanza kwenye orodha ilikuwa banda la soko kule Tawa. Banda hilo lilianguka siku ya soko, likawaua akina mama wawili. Kamati ya uchunguzi ilisema nguzo zilikuwa chache na mchoro ulikuwa wa Mulwa. Mulwa aliapa kwamba alichora nguzo kila baada ya hatua nne, lakini karatasi yake ya mkono haikuonekana tena. Mutisya alisema ilipotea ofisi ilipohama. Miezi minane baadaye presha ikamwangusha Mulwa bafuni. Watu wa Tawa hawakuja mazishini.

Programu ya zamani ilionyesha mistari tu. Hii mpya, Ismahan alikuwa amewaeleza Ijumaa, ilifukua faili na kuonyesha kila mstari ulichorwa na nani na siku gani.

"Bwana Kivuva," Nthenya alisema, "nipe mpaka saa kumi."

"Ya nini, mama?"

"Huyo anayesemwa ni bwanangu. Hakuna mtu ameniuliza mimi."

Kivuva alitazama saa yake ya mkononi. Akampa.

Alianza na Ndululu, kwa sababu Ndululu hakuficha chuki yake kwa programu mpya.

"Ulikuwa wapi Jumatatu saa saba na dakika kumi?"

"Mama, mimi? Nilikuwa kwa Kanini nakula muthokoi. Jana pia. Nalala kwa meza mpaka saa nane, muulize, ananichekanga." Akashusha sauti. "Ni kweli siitaki hii kitu. Nimezoea ile. Lakini Mulwa ndiye alinifundisha kushika kalamu. Siwezi kumtoa kwa kaburi."

Nthenya alivuka barabara hadi hotelini. Kanini alithibitisha, tena kwa kicheko: siku zote mbili Ndululu alikoroma mpaka wateja wakahama meza.

Ismahan alikuwa msikitini kwa sala ya adhuhuri, lakini alikiri mwenyewe kwamba hilo halikumsafisha. "Mtu anaweza kuingia na laptop akiwa popote, mama. Niliwafundisha Ijumaa. Akaunti zote za ofisi zilihamishiwa humu, na ya marehemu pia, na neno lake la siri limebandikwa chini ya kibodi yake mpaka leo. Lakini nifanye hivyo kwa nini? Nikirudi na programu, nimeshindwa kazi."

Mutisya alimpokea kwa upole, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akimwita mama kwa Kikamba. Ndiye aliyehubiri siku Mulwa alipozikwa.

"Mimi siku zote mbili saa hiyo nilikuwa Matinyani, mwaitu. Si unajua funguo za stoo ya kanisa ni mimi nakaa nazo? Tulikuwa tunatundika pazia mpya, za zambarau. Hii programu mimi niliipenda kuliko wote. Lakini kama Mulwa hataki tufukue kazi zake, tumwache apumzike."

Nthenya alirudi kwenye kompyuta akakaa peke yake na kigoda. Wengine walikuwa wamekimbilia nje kwenye jua. Dirisha lilikuwa wazi na upepo wa saa sita ulikuwa ukiingia, lakini nywele za mikono yake zilisimama. Hakuwa amekitazama vizuri tangu jana, alikuwa akiogopa. Sasa akakikuza, miguu ikajaa skrini. Mmoja, miwili. Wa tatu ulikuwa mrefu kuliko wenzake, na mwishoni ulijikunja kama mkia.

Mkono ukamfunika mdomo. Machozi yakamtoka kabla hajajua kama ni ya woga au ya furaha.

Ule mguu ulikuwa wake. Siku ile usiku hata haukuwa umeingia, ilikuwa jioni ya kawaida, Mulwa akichora kwenye meza ya kulia, na yeye Nthenya akimwekea uji akamgonga kiwiko. Penseli ikateleza. Aliomba msamaha, naye Mulwa akacheka mpaka akakohoa. "Acha tu," alisema. "Huo mguu ni wako." Hakuna mtu mwingine duniani aliyeijua ile jioni.

"Mulwa," aliita polepole. "Ni wewe?"

Kigoda kilimtazama tu. Na akili yake, ambayo Mulwa mwenyewe aliisifu kila siku, ikaanza kazi. Kwa nini Mulwa azuie Alhamisi? Mtu aliyekufa akilia kwamba hakukosea, arudi kuzuia asisafishwe jina? Haikuingia akilini. Halafu, ni karatasi gani alikuwa akichora jioni ile?

Tawa.

Karatasi nyingine zote za Mulwa zilikuwa kwenye kabati la chuma, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake, kwenye uzi. Aliyetaka kunakili kigoda halisi angelazimika kumwomba, na hakuna aliyeomba. Karatasi moja tu ilikuwa nje ya kabati: ile iliyosemekana imepotea. Aliyenakili hakujua kwamba vigoda vingine vyote vina miguu sawa.

Alimwita Ismahan. "Mtu akitaka kuingiza mchoro wa karatasi humu, anafanyaje?"

"Anapiga picha na simu, anaiweka hapa, anafuatisha mistari juu yake. Halafu anafuta picha."

"Ikifutwa inaenda?"

"Kwa programu yenu ya zamani, inaenda kabisa." Ismahan akatabasamu. "Lakini hii yetu inaziweka siku thelathini. Hiyo sijawafundisha bado. Ilikuwa somo la kesho."

Saa kumi kamili wote watano walikuwa mbele ya skrini. Nthenya alieleza habari ya mguu, ya kabati na ya ufunguo. Aliongea bila haraka. Kisha Ismahan akafungua picha iliyofutwa.

Ilikuwa karatasi ya ramani imetandazwa. Pembeni kulikuwa na kigoda chenye mkia. Juu yake, kwa mwandiko wa Mulwa, *Banda la soko, Tawa*, na chini safu za nguzo, zimesongamana, kila baada ya hatua nne. Karatasi ilikuwa imelazwa juu ya kitambaa kipya cha zambarau.

Ndululu alikuwa wa kwanza kugeuka.

"Mzee?"

"Pazia za zambarau ziko makanisa mengi," Mutisya alisema.

"Ni kweli," Nthenya alijibu. "Basi tupande gari sasa hivi twende Matinyani, sisi wote, ufungue stoo. Kama haimo nitapiga magoti nikuombe msamaha mbele ya kanisa."

Mutisya alitafuta kiti nyuma yake kwa mkono. Alipoketi alionekana mdogo.

"Wakati ule nilikuwa nanakili karatasi yake ya Tawa kwa kompyuta," alisema. "Mafundi kwa site walikuwa wanangoja, nilikuwa na haraka. Nikaruka safu moja ya nguzo, sikuangalia tena. Sikutaka kuua mtu. Banda lilipoanguka nikaona karatasi, nikajua. Nikasema faili ni ya Mulwa. Nilifikiri watamwonya tu. Na kigoda nilikiweka ili mwogope, mrudishe programu kabla ya Alhamisi."

"Ulimhubiria," Nthenya alisema.

"Nilimhubiria."

"Mbona hukuichoma?" Kivuva aliuliza kwa hasira.

"Nilijaribu mara mbili. Kila nikiwasha kiberiti naona kile kigoda, kama kuna mtu ametoka tu hapo kukaa. Mkono unakataa." Alimwinulia Nthenya macho. "Ningekuambia nini, mwaitu?"

"Ungeniambia akiwa hai."

Polisi walimchukua Mutisya saa kumi na moja na robo, na karatasi ikatolewa stoo ya Matinyani, imekunjwa ndani ya pazia lililobaki. Alhamisi, saa tatu asubuhi, faili ya Tawa iliingizwa. Kila mstari ulitoka na jina la Mutisya. Kivuva aliagiza programu mpya, akaandika barua mbili kwa mkono wake: moja kwa kamati, nyingine isomwe mbele ya watu wa Tawa siku ya soko.

Walipofungua tena kanisa, kigoda kilikuwa bado kwenye mimbari.

"Nikifute?" Ismahan aliuliza taratibu. "Ama nikinyooshe ule mguu kwanza?"

Nthenya aligusa skrini kwa kidole, pale mkia ulipojikunja.

"Kitoe kanisani," alisema. "Kipeleke Tawa, kwenye nguzo zake. Lakini mguu uache hivyo. Ni wangu."