Tumboni mwa Daraja

Ufa ulikuwa umerudi. Fundi wa kuchomelea, mwanamke waliyemwita Cheche, alikuwa ameuziba juzi, akauziba tena jana, na sasa uko wazi, umelowa, unanuka tope. Tope la wapi? Walikuwa ndani ya tumbo la daraja, kwenye uwazi wa chuma chini ya barabara. Mto uko mbali kule chini, malori yananguruma juu ya vichwa vyao, saa sita mchana.

"Umelipua kazi," alisema kaka yake, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wake.

"Mimi nilipue? Sogea usikilize."

Ngo. Ngo. Kuna aliyekuwa akigonga nyuma ya bati, ndani ya chumba kilichozibwa tangu daraja lijengwe.

Kaka akacheka. Akachukua nyundo, akagonga mara tatu. Akajibiwa mara nne. Akagonga tano.

"Acha, kaka," Cheche alinong'ona. "Nakuomba."

Akajibiwa mara sita, ila ya sita haikutoka nyuma ya bati, ilitoka nyuma yao, pale walipopita sasa hivi, na taa zikafifia, na maji yakaanza kuchuruzika ukutani yakipanda juu badala ya kushuka, na kaka akafungua kinywa kama anayetaka kumwita dada yake, lakini sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Mchana kutwa mnanikanyaga kichwani. Na wewe unanitia moto."

Cheche hakujua alimpandishaje ngazi. Walipotokeza kando ya barabara, kaka alimponyoka, akakimbilia ukingo, mguu mmoja ukawa tayari uko ng'ambo ya chuma. Madereva watatu waliacha magari yao kumng'ang'ania. Alikuwa na nguvu za watu kumi, na alikuwa anacheka.

Nyumbani walimfunga kitandani kwa shuka. Shangazi yao, mkunga mstaafu ambaye watu walimwendea kimyakimya kwa mambo ya namna hii, alifika jioni, akafunga mlango, akaketi kifuani pa mgonjwa.

"Nani wewe?"

"Mwenye mto."

"Huyu ni mtoto wa kaka yangu. Toka."

"Simwachi."

Shangazi alisoma dua, akasoma, mpaka sauti ikamkauka. Kitanda kilitetemeka, kuta zikatoa jasho. Cheche, akiwa ameshika miguu ya kaka yake, aliisikia ngozi ikipoa kama ya maiti.

"Basi natoka," ile sauti ilisema mwishowe, kwa utulivu uliotisha kuliko kelele. "Huyu mmoja wa nini? Wanaopita juu yangu ni wengi."

Kaka akapiga chafya, akafumbua macho, akaomba chai. Shangazi alilia kwa furaha. Cheche naye alilia, na maneno yale ya mwisho hakuyatia maanani.

Aliyaelewa asubuhi, alipokwenda kurudisha vifaa vya kazi. Daraja zima lilikuwa kimya. Injini zote zilikuwa zimezimika kwa pamoja: mabasi, malori, pikipiki. Watu walikuwa wameshuka, mamia yao, wamejipanga ukingoni wakitazama maji.

"Jamani!" Cheche alipiga kelele. "Jamani, ondokeni hapo!"

Hakuna aliyegeuka. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kuvua viatu.