Sijda Ndefu ya Chiriku

Kila nikitoka shule, kazi yangu ilikuwa kupiga pasi nguo alizoshona mama. Mdomo wangu haukupumzika hata kidogo, ndiyo maana wote wakaniita Chiriku.

Jumatatu moja nilikuwa nikipiga soga dirishani na rafiki yangu, pasi nimeiacha juu ya gauni la mteja. Nilipogeuka, kifuani pameungua. Nililitundika gauni haraka, nikatoka kimya.

Mama alipoliona, alimgeukia Mama Pacha, jirani aliyekuwa akimsaidia kushona.

"Wallahi si mimi," alisema Mama Pacha.

"Basi ni nani, paka?" Mama alikuwa amekasirika. "Ijumaa iwe siku yako ya mwisho hapa."

Nilisikia yote nikiwa nyuma ya mlango, nikatorokea uani.

Kuanzia hapo nikawa mcha Mungu wa ghafla. Kila alasiri niliswali rakaa mbili za toba, nikaleta istighfari mia kwa tasbihi ya bibi. Nililia kweli. Lakini nikiinuka kwenye msala namwona Mama Pacha ameinamia cherehani, macho mekundu, na moyo unanisuta upya.

Alhamisi bibi alinisubiri nitoe salamu.

"Mjukuu wangu, sijda yote hiyo, ulikuwa umelala?"

Nilimweleza kila kitu. Bibi hakunigombeza.

"Mungu ni Mwingi wa kusamehe," alisema. "Lakini mja uliyemdhulumu yuko chumba cha pili, nawe unampita kila siku ukienda kuswali. Anza naye."

Nilikwenda chumba cha kushonea. Nilisimama mbele ya cherehani.

"Mama Pacha, gauni nililiunguza mimi. Nisamehe."

Mama aliweka mkasi chini. Mama Pacha akasimamisha cherehani.

"Mdomo wote huo, Chiriku, siku tatu umeshindwa na maneno mawili?" Kisha akanivuta kwake. "Nimekusamehe. Lete sindano, tushone ua juu ya hiyo alama."

"Na mimi nisamehe, jirani," mama alisema kwa aibu. "Nilihukumu bila kuuliza. Usiende popote."

Tulishona ua mpaka likakaa vizuri, kisha nikatawadha. Siku hiyo sijda yangu ilikuwa fupi, na moyo mwepesi.

"Umeona, mjukuu wangu?" alisema bibi akikunja msala. "Ukishamrudishia mtu haki yake, hata dua haina haja ya kupiga kelele."